Kambi Iliyogeuka Nyumba ya Wazee

Mhadhara kuhusu matunzo ya wanajeshi wazee wenye ulemavu mjini Kisangani

Nimeombwa nizungumzie matunzo ya wanajeshi wa zamani waliozeeka wakiwa na ulemavu, na swali linalozuka kila jambo hili linapotajwa hapa Kisangani: tuwajengee nyumba ya kuwatunza, au tuwaache kwa jamaa zao kama desturi yetu inavyotaka? Jibu langu nalitoa mapema. Nyumba hiyo tunayo tayari, nayo ni kambi ya jeshi. Mwanajeshi aliyepoteza mguu hakuhama kambini siku alipoacha kupigana, kwa sababu kuhama kulimaanisha kupoteza paa na mshahara kwa mkupuo mmoja. Alibaki, akazeekea humo, mkewe akazeeka pamoja naye, wajukuu wakazaliwa humo. Kwa hiyo tunayo nyumba ya wazee isiyo na muuguzi wala daftari la wakazi, isiyo na njia ya kupitisha kiti cha magurudumu, na wanaoihudumia ni wanawake wasiolipwa hata faranga moja. Nataka tuikiri nyumba hiyo, kisha tuulize ifanyweje ili iwastahili wanaoishi ndani yake.

Tuhesabu miaka kwanza. Kijana aliyeingia jeshini na miaka 20 mwaka 1964, pale waasi wa Simba walipouteka mji huu mwezi wa Agosti na askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka tarehe 24 Novemba, leo amepita miaka 80. Aliyepelekwa vitani Shaba mwaka 1978 akiwa na umri huohuo anakaribia 70. Aliyekuwa askari wa FAZ, jeshi la Mobutu, mwenye miaka 30 mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa AFDL, tarehe 15 Machi 1997, anakaribia 60. Na kadogo aliyebeba bunduki na miaka 13 mwaka 1996 amepita 40, magoti yameanza kumlalamikia. Watu hawa walipigana wao kwa wao. Mwanzoni mwa 2004 brigedi ya kwanza ya jeshi lililounganishwa ilifunzwa hapa Kisangani na Wabelgiji, na watu waliokuwa wakiwindana msituni wakavaa sare moja. Matokeo yake tunayaona leo. Mzee wa Mobutu na mtu aliyemfukuza Mobutu wanaweza kukaa mlango kwa mlango, kila mmoja na gongo lake, wakiazimana mkaa.

Wanaosema warudi kwa jamaa zao wanasema neno jema, ila wanasahau jeshi letu lilivyoundwa. Baada ya askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni, kuasi Luluabourg mwezi Julai 1895, wakubwa wa kikoloni walishikilia mpango wa kuchanganya makabila ndani ya kila kikosi na kumpeleka askari mbali na kwao, ili siku akiamriwa kupiga raia asikute mjomba wake mbele ya mtutu. Desturi hiyo ya kumhamisha mtu mbali haikukoma na uhuru wa 1960. Kijana wa Kasai akaletwa Kisangani, wa Équateur akapelekwa Bukavu. Aliamriwa kwa Kilingala, akaoa alikokutwa, akalea watoto kambini. Leo tunamwambia arudi kijijini ambako wazazi wameshafariki, shamba limeshachukuliwa, na watoto wa ndugu zake hawamjui sura. Upweke wa mzee huyu ulipangwa na dola, na dola ndiyo inayopaswa kuujibia.

Najua wapo humu ndani ambao maneno haya yanawachoma. Kisangani haina sababu ya kuipenda bunduki. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wetu, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukakadiria zaidi ya raia 760 waliouawa, wengine wapatao 1,700 waliojeruhiwa na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa. Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Mei 2002, baada ya uasi mfupi ndani ya RCD, kundi la waasi lililoushika mji, watu waliuawa Mangobo na maiti zikatupwa mto Tshopo. Mama aliyempoteza mwanawe siku zile ana haki ya kuniuliza kwa nini nasimama hapa kuwaombea wanajeshi vitanda.

Namjibu hivi. Kumtunza mlemavu hakumsafishi mtu aliyeua raia; kwa hilo ipo mahakama, na uzee haufuti kesi. Lakini sehemu kubwa ya wazee hawa walikuwa makoplo na askari wa kawaida, walienda walikotumwa na serikali, na serikali iliyowatuma ndiyo inayodaiwa. Raia nao wanadai, na deni lao limeanza kutambuliwa: tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325, na milioni 225 kati ya hizo ni kwa madhara ya watu. Mfuko wa FRIVAO, ulioundwa kwa ajili ya wahanga hao, una makao yake hapahapa Kisangani. Fedha hizo ni za wahanga na senti isiguswe. Deni la wazee wa kambini ni jingine, na mdaiwa wake yuko Kinshasa, kwenye wizara ambayo jina lake rasmi ni la Ulinzi wa Taifa na Wapiganaji wa Zamani.

Sasa nataka tukae kidogo na mwili wenyewe, maana mjadala huu mara nyingi hufanywa na watu wenye miguu miwili. Kijana aliyekatwa mguu juu ya goti hujifunza magongo kwa wiki chache, akavuka barabara, akapanda toleka, baiskeli zetu za abiria, akacheza hata ngoma. Tunamwona tukasema amezoea. Lakini mabega hayakuumbwa kubeba mwili. Baada ya miaka 30 viungo vya bega vimekwisha kusagika, viganja vimekufa ganzi, na mguu uliobaki, uliofanya kazi ya miwili, umevimba goti. Mpira wa chini ya gongo unalika upesi kwenye changarawe. Fundi hukata kipande cha tairi akakipigilia msumari, nacho kikilowa kinateleza. Na mji wetu hulowa karibu mwaka mzima. Mzee akianguka mara moja akavunja nyonga, safari yake ya nje imekwisha, na kuanzia siku hiyo ulimwengu wake ni kitanda na kizingiti.

Mguu wa bandia nao una mambo yake. Kigutu hubadilika umbo kadiri nyama inavyopungua, kwa hiyo kikombe cha mguu kilichomkaa vizuri mwaka wa kwanza humchubua mwaka wa nne. Mguu wa plastiki ngumu unaotengenezwa kwa mtindo wa Msalaba Mwekundu huhitaji kubadilishwa baada ya miaka michache. Ukihesabu tangu ujana hadi uzee, mtu mmoja anahitaji miguu kama kumi hivi, na wengi wa wazee wetu walipata mmoja tu, ule wa kwanza, ambao sasa umetundikwa ukutani. Yapo pia maumivu ya mguu ambao haupo, usiku, vidole visivyokuwepo vikipindana. Daktari mwenye haraka anadhani mzee amechanganyikiwa. Si kweli, ni ubongo unaotafuta kiungo chake, na tangu miaka ya 1990 mwanasayansi V. S. Ramachandran alionyesha kwamba kioo kilichowekwa pembeni ya kiungo kizima, mgonjwa akitazama sura yake humo akadhani ni kile kingine, kinaweza kuwapunguzia baadhi ya watu maumivu hayo. Kioo kinauzwa soko kuu.

Aliyepigwa risasi ya uti wa mgongo ana njia ngumu zaidi. Zamani mtu kama huyo alitarajiwa kufa upesi, kwa vidonda au kwa mkojo ulioingia usaha. Daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, alipofungua wodi yake Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alianza na jambo lisilohitaji mashine yoyote: mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa. Kisha akawatoa vitandani, akawapa kazi na michezo. Mwaka 1948 akaanzisha mashindano ya mishale ambayo ndiyo chimbuko la michezo ya Paralimpiki.

Hebu tuilete saa mbili hiyo kambini. Chumba kimoja, pazia la kitenge likigawa kitanda na jiko. Mama anamgeuza mumewe saa nne za usiku, anaweka nguo iliyokunjwa katikati ya magoti ili mfupa usisugue mfupa, anapapasa visigino na chini ya kiuno kuona kama ngozi ina joto lisilo la kawaida. Saa sita tena. Saa nane tena. Saa kumi anamgeuza mara ya mwisho, anamwaga mkojo wa kwenye mfuko, anawasha mkaa, na kabla hakujapambazuka yuko njiani kwenda kuuza lituma au kwanga ili wapate dawa ya kusafishia mpira wa mkojo. Mama huyo ana miaka 60 na zaidi, na mgongo wake unauma. Anafanya kazi ambayo Stoke Mandeville ilifanywa na wauguzi wa zamu. Akifa yeye kwanza, mzee hufuata upesi, na msibani tunasema amekufa kwa huzuni. Huzuni ipo. Ila pia hakuna tena wa kumgeuza saa nane za usiku.

Kuhusu roho nitasema machache, nikiwaachia wenzangu wa saikolojia mengi. Mtu anaweza kuishi na vita vyake miaka 30 akiwa na shughuli, kisha vikamrudia uzeeni, shughuli zikiisha na marafiki wakipungua. Anaanza kuamka akipiga kelele, au anakaa kimya siku nzima. Hapo ndipo watu humwambia azoee. Mimi nashikilia kwamba mzee amekwisha kuzoea mengi kupita kiasi, na zamu ya kuzoea sasa ni ya nyumba na ya watumishi wake. Sajini aitwe sajini. Aulizwe kabla ya kuvuliwa nguo. Apangiwe kazi inayofanana na mikono yake, kama kutengeneza redio, kushona viatu au kulinda ghala, kwa malipo. Mwaka 1670 Louis XIV wa Ufaransa alipoagiza kujengwa kwa Invalides mjini Paris, majeruhi wake walipewa karakana za viatu na mazulia ya ukutani, na nyumba ile inatunza majeruhi wa vita mpaka leo.

Waingereza nao walifuata, wakaifungua Royal Hospital Chelsea mwaka 1692. Kuna mambo mawili ya Chelsea ambayo nayaweka mbele yenu. La kwanza ni la kuigwa: kila mzee alipewa kijumba chake cha mbao chenye mlango, futi 6 kwa 6, vikapanuliwa hadi futi 9 katika miaka ya 1950, na siku hizi kila mmoja ana chumba chenye bafu. Kijumba kiwe kidogo au kipana, mlango ule ulikuwa wake, na mtu aliyelala kwenye mabweni tangu ana miaka 18 anaijua thamani ya kufunga mlango. La pili ni la kukataliwa: anayeingia Chelsea sharti asiwe na mke wa kumtegemea, na pensheni yake anaiachia nyumba. Sharti hilo likiletwa Kisangani litawaacha mama zetu barabarani, na hakuna mzee mwenye akili timamu atakayekubali. Ndiyo maana sitaki jengo kubwa la ghorofa lenye bendera na vitanda 200. Nyumba ya aina hiyo hupendeza siku ya uzinduzi.

Kuna jambo linaloniuma, nalo nalisema waziwazi. Uganda ina kituo cha jeshi Mubende kwa majeruhi wake. Rwanda, kupitia tume yake ya kuwarudisha wapiganaji uraiani, imewajengea nyumba walemavu wa vita wa madaraja ya juu. Majeshi hayo mawili yaliyorushiana makombora juu ya paa zetu yalirudi kwao na kuwawekea majeruhi wao mahali pa kulala. Sisi tuliopigiwa vita nyumbani kwetu, majeruhi wa jeshi letu tumewaacha wajipange.

Si kwamba sheria hatuna. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inawapa mzee na mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalumu za kuwalinda. Sheria namba 13/005 ya 15 Januari 2013 inaeleza hadhi ya mwanajeshi. Sheria ya 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu nchi nzima. Mzee wa kambini anaguswa na zote tatu, na kwa kadiri ninavyoona haishi katika hata moja. Pensheni isipofika, hakuna kamanda mwenye moyo atakayemtoa mtu kwenye orodha ya mishahara, kwa hiyo jeshi linabaki na askari wa miaka 70 kwenye vitabu vyake, na anayehesabu vikosi huko Kinshasa anahesabu magongo. Hata anayejali ulinzi peke yake, bila huruma yoyote, angepaswa kuilipa pensheni hii kwanza.

Na alipe akijua deni hili ni refu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisha mwaka 1865. Malipo ya mwisho ya pensheni ya vita hivyo yalisimama mwaka 2020, alipofariki Irene Triplett, binti wa askari mmoja, aliyekuwa akipokea dola 73.13 kila mwezi kwa sababu ya ulemavu wake mwenyewe. Miaka 155. Kwetu, tarehe 8 Juni 2022 mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mzaliwa wa 1922, aliyetumwa Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nilifurahi kumwona mzee yule akiheshimiwa. Ila nishani inayomfikia mtu na miaka 100 imewapita wenzake wote njiani, na vijana wanaokatwa miguu huko Kivu mwaka huu watakuwa wanahitaji kugeuzwa usiku kwenye miaka ya 2060 na 2070. Serikali yoyote inayomtia kijana sare leo inasaini matunzo ya wakati huo.

Basi nyumba yenyewe iweje? Iwe nyumba ndogondogo za familia, za chini, zenye milango mipana na sakafu isiyo na kizingiti, karibu na hospitali na karibu na soko. Zisijengwe Lubunga, ambako kuvuka mto kwa pirogi na kiti cha magurudumu ni hatari tupu, wala huko nje ya mji kwenye kiwanja cha bure. Mke aingie na mumewe. Pensheni ibaki kwa jina la mzee na mkononi mwake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule tunayemwita kine, apite kila wiki, na fundi wa miguu ya bandia awe na karakana yake. Mji wetu una kituo cha Simama, chenye uzoefu na watu wenye ulemavu wa viungo, na chuo kikuu kinachofundisha madaktari, kwa hiyo hatuanzi na mikono mitupu. Raia waliokatika viungo mwaka 2000 wakitaka kuhudumiwa katika karakana ileile, mlango uwe wazi. Sidhani kama maelewano kati ya mji na kambi yatapatikana kwa hotuba. Watu wawili wanaosubiri miguu yao kwenye benchi moja wana la kuzungumza.

Kabla ya tofali la kwanza, daftari. Lianzie kambi Ketele, liende Lukusa, kisha mitaani kwa waliokwisha kutoka kambini: jina, kikosi, mwaka na mahali alipojeruhiwa, aina ya ulemavu, nani anamtunza. Wanafunzi mlio humu mnaweza kulifanya katika likizo moja, mkiandamana na mtu wa jeshi na mtu wa parokia au wa msikiti anayejulikana na familia. Jina la mtunzaji liandikwe kwa uzito uleule wa jina la mwanajeshi, maana posho ya matunzo italipwa kwa jina hilo.

Na mzee akifariki, mjane asitolewe. Leo kambini mjane huishi na hofu hiyo tangu siku ya matanga: chumba ni cha askari, askari hayupo. Kanuni ya nyumba mpya iandike bila kuficha kwamba mama aliyemtunza mwenzake humo anabaki katika chumba chake maisha yake yote, na kwamba nafasi za watunzaji wa kulipwa zikitangazwa aulizwe yeye kwanza kabla ya mtu wa nje, kwa sababu hapa Kisangani hakuna anayeijua kazi hiyo kumzidi.